Raba ya elfu kumi na tano ilivyonila milioni 3.7

Jumapili jioni nimepata ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa kijana anayenisoma humu. Ana miezi minne tangu anunue pikapu dabo kabini. Anapeleka vyakula vya kuku Chanika na Mbagala, na siku hizi akipita kwenye mashimo anasikia "ko-ko-ko" chini, upande wa stelingi. "Kaka, fundi kasema ni kawaida ya pikapu. Niendelee tu?" Kabla sijajibu akaongeza swali la pili: rimu za inchi 18 nazionaje?

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Hayo maneno "kawaida ya pikapu" nayajua. Yamenitoa milioni tatu na laki saba na elfu kumi, na mpaka leo mama watoto akitaka kunikomesha kwenye mabishano anazitaja kwa tarakimu, moja moja.

Nianze mbali kidogo, mnivumilie. Hadiwea yangu ya Kivule, hapa Dar, niliianza na guta la kukodi. Nilikuwa nasukuma mwenyewe mifuko ya sementi, wateja wakidhani mimi ni kibarua wa duka. Baadaye nikapata kirikuu, na kirikuu kile ndicho kilichonijengea. Siku nilipoingiza pikapu dukani nililala nikiiangalia dirishani. Sitataja ni ya kampuni gani, wenye nayo watajitambua. Ilikuwa imetembea kilomita elfu hamsini na kitu tu, chini pakavu, injini haina jasho. Nikasema sasa nimetoka.

Mlio ulianza mwezi wa saba tu tangu niinunue. Nilikuwa nimepakia mifuko 28, na mnaojua hesabu mnajua mifuko 20 ya kilo 50 ni tani kamili. Mzigo ukizidi nyuma pua ya gari inanyanyuka, stelingi inakuwa nyepesi, unaona raha kama unaendesha boti. Mimi niliona raha. Ko-ko-ko ikaja kwenye yale makorongo ya njia ya kwangu, nikaongeza sauti ya redio.

Fundi wangu wa kwanza, wa chini ya mwembe, hakukosea ugonjwa. Alisema tairodi endi, vile viungo vinavyounganisha stelingi na matairi ya mbele, zimekwisha zote mbili, na kweli zilikuwa zimekwisha. Tukaenda Gerezani, kule kwenye maduka ya spea. Muuzaji akaniuliza, "Bosi, unataka orijino au unataka ya kuondokea?" Nikachukua ya kuondokea, elfu 35 kwa moja. Risiti ya EFD sikuomba, maana bei ilikuwa "bila risiti". Ufundi elfu 30. Nikarudi nyumbani najisifu kwamba nimetumia laki moja tu.

Sasa sikilizeni hapa, maana kesi yote ipo hapa. Ili kufungua zile tairodi, fundi alihangaika na ile raba ya vumbi, ule mpira wenye mikunjo kama kinanda unaofunika ncha ya raki, yaani kile chuma cha stelingi kinachosukuma matairi kushoto na kulia. Bisibisi ikauchana. Mchano wa urefu wa kidole. Akauzungushia kipande cha chubu ya baiskeli, akakaza na waya wa kufungia nondo (waya wenyewe katoa dukani kwangu!), akaniambia, "Hapo haipiti hata mchwa." Raba mpya ilikuwa elfu 15. Nilikuwa na hizo elfu 15 mfukoni. Nilinunua chipsi kuku na soda.

Alaimenti, kule kupima na kunyoosha matairi, pia sikwenda. Nilisema gari linanyooka vizuri, alaimenti ya nini? Miezi miwili baadaye matairi ya mbele yalikuwa yameliwa upande wa ndani mpaka nyuzi zinaonekana, wakati upande wa nje bado yana meno kama mapya. Ukisimama pembeni huoni kitu. Mawili, elfu 680.

Ikaja masika. Kivule na masika mnaijua, sina haja ya kueleza. Nilikuwa napita kwenye maji yanayofika nusu ya tairi, mara mbili kwa siku, kwa sababu wateja wa Msongola hawataki kusikia habari za mvua. Mwezi wa tano nikaona doa jekundu chini ya gari asubuhi. Stelingi ikawa inalia nikikata kona, "nguuuu", kama ndama kafungwa. Nikapita sehemu ya kuoshea magari, kijana mmoja pale, mwepesi kweli, akafungua boneti, akasema, "Mzee, oili ya stelingi imeshuka, nikuongezee?" Nikamwambia ongeza. Sikushuka hata kuangalia alichomimina.

Ilikufa Buguruni, kwenye barabara ya Mandela, saa mbili asubuhi, katikati ya foleni. Nilikuwa nataka kuhamia kushoto, stelingi ikawa nzito kama nageuza jiwe la kusagia. Nyuma yangu daladala, konda kaning'inia mlangoni ananiita kila jina isipokuwa la wazazi wangu. Nikashuka, nikachungulia chini: oili imechora mstari kwenye lami nilikotoka. Gari la kuvuta, elfu 80.

Gerejini fundi wa pili akakata ule waya wa nondo. Alipoisogeza raba, yalitoka maji ya rangi ya chai ya maziwa, yakamwagika kwenye kiganja chake, kisha mchanga. Akafuta ule mhimili wa raki kwa kitambaa, akanishika kidole akanipitisha juu yake. Chuma kile kinatakiwa kiwe laini kama kioo. Niligusa vishimo vya kutu. Akasema kila ukikata kona, vile vishimo vinapita kwenye sili, ule mpira unaozuia oili isivuje, na kuikwangua kama mbuzi ya nazi. Raki imekufa mapema si kwa sababu ni mbovu. Imekufa kwa maji.

Ungedhani nimepata akili. Wapi! Raki mpya wakaniambia milioni 1.85. Nikatafuta ya mtumba, "imetoka Japani hii braza, haijaguswa," elfu 650 na ufundi elfu 120. Garantii wiki moja. Ikadumu wiki tano.

Nilikwenda kwa yule muuzaji na hasira za kuua. Tulipigana maneno mpaka watu wakajaa. Leo naona aibu kidogo, kidogo tu, kwa sababu fundi wa tatu, mzee mmoja asiyependa maneno mengi, alinusa tangi la stelingi akaniuliza nani kaweka humu oili ya breki. Yule kijana wa kuoshea magari! Oili ya breki inavimbisha na kulainisha sili ambazo hazikutengenezwa kwa ajili yake, na tulipobadilisha raki hakuna aliyesafisha mfumo. Ilibaki kwenye tangi, kwenye pampu, kwenye hozi, ikaingia kwenye raki ya mtumba ikaimaliza nayo. Kwa hiyo muuzaji huenda hakunidhulumu. Ila lugha aliyonitolea mbele za watu sijaisahau.

Mara hii nikanyoosha mikono: raki mpya milioni 1.85 na risiti yake, ufundi elfu 150, oili lita mbili elfu 40 ikiwemo ya kusafishia, alaimenti elfu 40. Jumlisheni na vya nyuma mtaipata ile hesabu ya mama watoto. Siku ambazo gari lililala sijaziweka.

Basi, mdogo wangu wa vyakula vya kuku, na wengine wote mnaotaka kutoka kimaisha kwa kutumia gari la kazi. Usikubali "ni kawaida ya pikapu". Nyanyua pua kwa jeki, weka stendi, shika tairi kushoto na kulia ulitikise. Likicheza, angalia tairodi na raki. Likicheza ukilishika juu na chini, angalia boljointi na beringi. Dakika tano, huhitaji fundi. Kisha lala chini uangalie raba za vumbi, zote mbili. Ukisikia mlio, angalia raba. Ukitoka kwenye maji, angalia raba. Ukibadilisha tairodi, badilisha na raba, halafu nenda alaimenti siku hiyohiyo. Oili soma kwenye kifuniko cha tangi inataka aina gani, ununue mwenyewe, umimine mwenyewe. Na acha kukata stelingi mpaka mwisho huku gari limesimama na wewe umeishikilia tu unaongea na simu. Pampu inaumia.

Tatizo letu watu wa Dar tunaona matengenezo ni adhabu. Tuna hela ya tinti, hela ya muziki, hela ya stika ya jina la mtoto kioo cha nyuma, lakini kitu kisichoonekana na majirani tunakifunga kwa waya. Nasema "tu" na mimi nimo. Tajiri wa kweli wa mjini hapa utamkuta kalala chini ya gari lake na tochi. Nimewaona. Mimi mwenyewe sasa kila Jumamosi niko chini, na raki hii inakwenda mwaka wa pili haijatoa tone.

Kijana nilimjibu kwa kifupi: nipigie picha raba ya vumbi, kushoto na kulia, nikuambie.

Jana usiku picha zikaja, mbili. Rimu nyeusi, inchi 18, bado ziko kwenye nailoni.