Zuri na mashindano ya Desemba

Mwanangu Mwende,

Ujumbe wako wa Jumanne niliusoma mara mbili, mara ya pili nikamsomea mama yako. Umeuliza kama mbwa wako Zuri yuko tayari kwa mashindano ya ajiliti ya Desemba, ile mbio ya mbwa kupita vikwazo akiongozwa na mtu wake, au asubiri hadi mwakani. Kwa umri sina neno. Kanuni za FCI, shirikisho la kimataifa la mbwa, zinataka mbwa awe ametimiza miezi 18, na yeye Desemba atakuwa na 20. Anaruka bila kusita, na ule ubao mrefu wa daraja anaupita kama njia ya kwao. Video uliyotuma inaonyesha mbwa mzuri sana.

Lakini video hiyo inakatika anapokosea. Kwenye zile nguzo za kupita kwa kupinda huku na huku, anachomoka baada ya nguzo ya nane, na picha inaishia hapo. Nimeirudia mara sita nikitafuta kilichofuata. Ninachotaka kujua ni wewe ulifanya nini.

Kaki unamkumbuka. Wageni wakiiona picha yake juu ya redio hudhani alizaliwa Karen kwa matajiri, kumbe ni mbwa koko wa Kawangware, nilimtoa mtaroni nyuma ya soko akiwa na kupe hadi ndani ya masikio. Enzi hizo nilikuwa bado kwenye kazi ya mbwa wa ulinzi, miaka 11 ya "keti" na "shika", kamba mkononi. Mbwa alitii kwa sababu ya kamba. Yule mama mzee wa Karen, ambaye nilikuwa nikimfundishia mbwa wake wawili, ndiye aliyenionyesha ajiliti. Aliniambia ilianza mwaka 1978 kwenye maonyesho ya Crufts kule London, ikiwa kiburudisho cha kujaza muda tu, watu wakaiga farasi wanaoruka viunzi. Kisha akamwachia mbwa wake. Hakuna kamba, hakuna ukanda shingoni, hakuna chakula mkononi. Mama akageuza bega kidogo, mbwa akageuka naye. Usiku ule sikupata usingizi.

Basi tukaanza. Nguzo 12 nilizikata kutoka kwa mabomba ya plastiki ya maji, nikazichomeka nyuma ya tangi, sentimita 60 kutoka moja hadi nyingine, wewe ukinishikia kamba ya kupimia. Nguzo ya kwanza sharti mbwa aipite ikiwa upande wa bega lake la kushoto, na Kaki kwa miezi mitatu alishikilia kuingilia upande mwingine. Siku alipozipita zote bila kuacha hata moja, mama yako aliacha chapati kwenye moto akatoka kuangalia. Nilikuambia ukiwa mdogo na nakuambia tena: mbwa husoma miguu, hasomi mdomo.

Sasa ile Jumamosi kwenye uwanja wa Jamhuri. Ulikuwa na miaka tisa, ukavaa sweta ya shule kwa sababu ndiyo uliyoiona nzuri. Kaki alivuka viunzi saba bila kuangusha kitu. Kwenye lile paa la mbao ambalo mbwa hupanda na kushuka, wengi walikuwa wakishuka bila kukanyaga ile sehemu ya njano iliyo chini, wanahesabiwa makosa 5. Yeye aliikanyaga kwa miguu yote ya mbele. Mbele yetu palikuwa na kiunzi, na kando yake mdomo wa handaki. Zamu ilikuwa ya kiunzi. Nikasema "Ruka!" na nilisema vizuri. Lakini watu walikuwa wameanza kupiga makofi, nikawatupia jicho, mguu wangu wa kulia ukaelekea handakini. Kaki akaingia handakini. Firimbi ikalia, tukatolewa.

Kule kutolewa ningeweza kukusahau. Kisichonitoka ni alivyochomoza upande wa pili, mkia juu, akijua amefanya nilichomwomba, na kweli alikuwa amekifanya. Nikamfokea mbele ya uwanja mzima, kwa sauti ile ya kazini. Akalala chini, masikio yakanata kichwani, akajikojolea kwenye nyasi. Wewe ulikuwa umeshika waya wa ua. Hukusema kitu hadi tulipofika Dagoretti Corner, ndipo ukauliza, "Baba, Kaki alikosea nini?"

Sikukujibu siku ile. Hakukosea chochote, Mwende.

Ilichukua miezi mitano kabla hajaingia handakini tena nikiwa karibu. Alikuwa akifika mlangoni anasimama, ananitazama usoni kwanza. Mbwa anayekutazama usoni ameshapoteza njia, na mbio zimekwisha. Mbwa husoma miguu. Mimi nilimfundisha kuogopa uso.

Kuna siku najiambia nilimpeleka mapema mno. Halafu najibu: hapana, yeye alikuwa tayari, mimi ndiye sikuwa. Lakini nisingekwenda ningejuaje? Kule nyuma ya tangi hapakuwa na makofi wala firimbi, nilikuwa mpole siku zote. Mtu hajui hasira yake mpaka aibike mbele za watu. Kwa hiyo labda ni vizuri kwenda mapema, ukajijue. Ila aliyelipia kujijua kwangu ni Kaki, na hapo ndipo ninaposhikwa kila nikifikiri jambo hili.

Kwa hiyo usinidai ndiyo wala hapana. Mama yako anasema jibu ninalo na ninakunyima. Huenda ni kweli. Kuandikisha kunafungwa lini? Kama bado kuna wiki tatu hivi... basi, nimenyamaza, Zuri ni wako.

Nitumie ile video nzima, usiikate. Na Jumapili mwombe mtu ainamishe simu arekodi miguu yako tu, hata Zuri asipoonekana si neno. Zile nguzo bado ziko stoo, ni moja tu iliyopata ufa karibu na chini, nimeifunga kwa tepu. Ndugu yako akija huko mwisho wa mwezi nitampa akuletee zote.

Baba yako