Usianze na fomula: kwa anayehangaika na ukubwa wa riakta

Wiki iliyopita nimepata ujumbe wa binti wa mwaka wa tatu: "Shikamoo kaka. Nimekamata sapu ya riakta. Fomula zote nazijua, ila swali likigeuzwa kidogo tu napotea. Nihamie kozi nyingine?" (Sapu ni mtihani wa kurudia; riakta ni chombo ambamo kemikali humenyuka, yaani hugeuka kuwa kitu kingine.) Nilimjibu kwa kifupi kwamba asihame. Jibu refu nalitoa hapa, maana jumbe za namna hii zinanijia kila msimu wa matokeo, na najua wengi mnaonisoma mnataka kile nilichokitaka mimi: usajili wa Bodi ya Wahandisi na mchoro wenye saini yako.

Mimi riakta nilifundishwa mara mbili. Kwanza darasani, ambako ubao ulijaa alama za intigro na hakuna aliyethubutu kuuliza. Halafu maabara, na fundi sanifu mmoja, mzee mpole asiye na digrii. Alitupa ethili asetati, ile yenye harufu ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, na kostiki soda iliyozimuliwa. Haidroksidi iliyomo kwenye kostiki soda hupitisha umeme vizuri kuliko asetati inayochukua nafasi yake, kwa hiyo mmenyuko ukisonga mbele, namba kwenye mita ya kupima upitishaji wa umeme inashuka. Tukachanganya. Namba ikaporomoka mpaka anayeandika akashindwa kuifuata. Baadaye ikaanza kusuasua, na wenzangu wakaanza kufunga madaftari. Mzee akasema, "Hapo mnapochoka ninyi ndipo tangi linapoanza kuwa kubwa."

Sentensi hiyo ndiyo somo zima.

Ni sawa na kuchambua mchele. Mawe ya mwanzo unayatoa haraka kwa kuwa ni mengi; yale machache ya mwisho ndiyo yanayokuweka kibarazani mpaka jua linazama. Mmenyuko mwingi wa kawaida uko hivyo: kasi inapungua kadiri malighafi inavyokwisha. Sasa chukua karatasi. Mstari wa chini weka kiwango cha ubadilikaji, yaani sehemu ya malighafi iliyokwisha kugeuka, kuanzia 0 hadi 1. Mstari wa wima weka moja gawanya kwa kasi. Utapata mstari unaopanda taratibu, kisha unapaa ghafla ukikaribia 1. Wahandisi huuita mchoro wa Levenspiel. Riakta ya bomba, ambamo mchanganyiko unasonga mbele bila kukorogwa, inahitaji eneo lililo chini ya mstari huo tu. Tangi la kukoroga linahitaji mstatili mzima, wenye kimo cha pale unapoishia. Zidisha eneo hilo kwa mtiririko wa malighafi inayoingia, kwa moli (kipimo cha kiasi cha kemikali), umepata ujazo wa riakta.

Kwa nini mstatili mzima? Kwa sababu ndani ya tangi lililokorogwa vizuri, kila tone lina hali ileile ya kinachotoka. Malighafi mpya ikiingia inazimuliwa papo hapo, kwa hiyo tangi lote linafanya kazi kwa kasi ya mwisho, ile ya kusuasua. Bomba linaanza kwa kasi kubwa na kuchoka likielekea mwisho.

Tia namba uone. Jaribio lile la ethili asetati kwa nyuzi 25 lina kigezo cha kasi (namba inayoonyesha mmenyuko una haraka kiasi gani) cha takriban lita 0.11 kwa moli kwa sekunde. Chukua mchanganyiko wenye moli 0.05 kwa lita za kila moja ya kemikali hizo mbili, unaopita lita 1 kwa dakika, na unataka asilimia 90 igeuke. Bomba linataka lita 27. Tangi linataka lita 273. Mara kumi! Mwanafunzi aliyekariri atakupa namba hizo mbili bila kushtuka. Aliyechora mchoro alishajua kabla ya kugusa kikokotoo kwamba zitapishana sana.

Kuna mimenyuko inayokwenda kinyume mwanzoni. Ya kutengeneza sabuni ni mfano: sabuni ikishaanza kupatikana inasaidia mafuta kuchanganyika na maji, na kasi inapanda kabla ya kushuka. Hapo unaweka tangi kwanza, kisha bomba. Mchoro utakuonyesha wenyewe.

Sasa niseme linaloniuma. Niliwahi kufanya kazi kwenye mradi wa majitaka, sitautaja. Bwawa la mwisho lilikuwa linashikilia maji siku 10, na majibu ya maabara ya bakteria wa kinyesi yalikuwa mabaya kila mwezi. Wakubwa wakaamua kulipanua liwe la siku 20. Nikasimama kwenye kikao nikasema bwawa ni riakta kama riakta nyingine. Kanuni ya mtafiti aitwaye Marais, ya 1974, inalichukulia kama tangi lililokorogwa, na kigezo cha kasi ni 2.6 kwa siku maji yakiwa nyuzi 20, kikizidishwa kwa 1.19 kwa kila nyuzi inayoongezeka. Kwa nyuzi 25 unapata 6.2. Bwawa la siku 10 linabakiza bakteria 1 kati ya 63. Ukilipanua mara mbili, linabakiza 1 kati ya 125. Lakini lile lile la siku 10, bila kununua hata futi moja ya ardhi, ukilikata kwa matuta mawili yakapatikana mabwawa matatu yanayofuatana, kwa hesabu linabakiza 1 kati ya 10,000, maana matangi yanayofuatana yanaanza kufanana na bomba.

Niliambiwa, "Kijana, wewe ni mtu wa viwandani. Majitaka tuachie wenyewe." Mkataba wangu haukuongezwa. Baadaye nikaonyeshwa mchoro mpya wa mradi uleule: matuta mawili, mabwawa matatu, na saini ya mtu aliyekuwa kwenye kikao kile amenyamaza. Nimesamehe, wanasema ndivyo inavyotakiwa. Ila mchoro wangu wa penseli ninao mpaka leo, una tarehe.

Kwa hiyo mdogo wangu, chora. Usifungue jedwali la kompyuta kabla hujachora. Na mteja akikuambia anataka asilimia 99, muulize kama 95 haitoshi, kwa sababu kwenye mmenyuko ambao kasi yake inafuata kiasi kilichobaki, kutoka 95 hadi 99 tangi moja linapanuka zaidi ya mara tano. Kijana anayeuliza swali hilo mezani anaheshimika kuliko mwenye programu ya bei mbaya. Vijana wa siku hizi mnapenda programu. Programu haitakutetea kwenye kikao. Utajitetea mwenyewe, na utajitetea kwa kitu unachokielewa.

Ukishakata mabwawa, angalia pia bomba la kuingilia na la kutokea. Yakitazamana, maji yanakata njia ya mkato na siku zako 10 zinakuwa za kwenye karatasi tu. Yaweke kwenye pembe zinazokingamana.

Na joto usilisahau hata siku moja. Kigezo kile cha 6.2 kwa nyuzi 25 kinashuka hadi 1.1 hivi maji yakiwa nyuzi 15. Mabwawa matatu yaliyotosha kwa siku 10 Dar es Salaam yatahitaji siku 57 hivi Njombe mwezi Julai, maji yakishuka hadi hapo. Kwa hiyo wanaoniandikia "kaka nipe ukubwa wa bwawa la watu 2,000", nitumieni kwanza joto la maji la mwezi wa baridi kuliko yote, mtiririko wa kila siku, na majibu ya maabara ya kinachoingia.