Mwanangu, kwanza liache hilo kochi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imefika, na mama yako aliisoma kabla yangu. Unauliza kama mnakosea kulala na watoto wote wawili kitandani: huyu wa miaka mitatu ambaye hajawahi kulala peke yake, na huyu mchanga ambaye ndio kwanza anatimiza wiki tisa. Unasema rafiki yako wa kazini amekuambia kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na kwamba mkiendelea hivi mkubwa hatatoka kitandani kwenu mpaka aote ndevu. Nitalijibu hilo. Lakini katikati ya barua umeandika jambo jingine, tena kwa kupita tu: kwamba usiku wa manane, mkeo akichoka, unamchukua mtoto ukakae naye kwenye kochi, "na mara nyingi tunapitiwa na usingizi hapohapo." Hilo ndilo lililonikosesha usingizi mimi.

Liache hilo kochi, mwanangu. Anza usiku wa leo.

Najua unafanya hivyo kwa mapenzi, ili mama mtu apumzike, na nakupongeza kwa moyo huo. Lakini hebu fikiria kinachotokea ukishasinzia. Mito ya kochi inabonyea kwa uzito wako na kufanya bonde, na mtoto anateleza kidogokidogo kuelekea humo, kati ya ubavu wako na egemeo, mpaka uso unazama kwenye kitambaa. Au anabaki kifuani pako, kichwa kinainama mbele, kidevu kinagusa kifua na njia ya hewa inajikunja. Mtoto wa wiki tisa hana shingo ya kujinasua. Wala hatalia ukamsikia, maana kulia kunataka pumzi.

Watafiti wa Uingereza waliochapisha kazi yao mwaka 2014 waliwalinganisha watoto 400 waliofariki ghafla usingizini na wengine zaidi ya 1,300 walio hai. Kulala na mzazi kwenye kochi kuliambatana na hatari ya takriban mara 18. Kulala kando ya mzazi aliyekunywa pombe, zaidi ya kiasi kidogo tu, kulikuwa na hatari ya kiwango hichohicho. Kwa hiyo siku ukitoka kwenye sherehe umechangamka, lala chumba kingine, usijadiliane na mtu. Dawa yoyote inayoleta usingizi mzito, hata ya mafua, ihesabu vilevile. Sigara nayo inaongeza hatari, hasa katika miezi mitatu ya mwanzo, na kuivutia nje hakumwokoi mtoto anayelala ubavuni pako. Uliiacha mkeo alipopata ujauzito. Tafadhali usiirudie.

Sasa tuje kitandani. Hapa wataalamu wenyewe hawajakubaliana, na ni haki yako kulijua hilo badala ya kusikia upande mmoja tu. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2022, kinataka mtoto alale chumba kimoja na wazazi kwa angalau miezi sita ya kwanza, ila kwenye kitanda chake mwenyewe. Mwaka 2013 ulitoka utafiti ulioona kwamba kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu hatari inapanda kama mara tano akilala kitanda kimoja na wazazi, hata kama hawavuti wala hawanywi na mama ananyonyesha. Wale wa 2014 wao wakasema: ukiondoa kochi, pombe na sigara, hatari iliyobaki ni ndogo kiasi kwamba hawakuweza kuithibitisha. Hata wa 2013, ukizitazama hesabu zao kwa familia isiyo na hatari nyingine, walikadiria kwamba vifo vinapanda kutoka 8, mtoto akilala kitandani kwake, hadi 23 akilala na wazazi, katika watoto 100,000. Ni namba ndogo. Lakini mjukuu wangu ni mmoja, na mimi namhesabu kwa jina lake.

Ningekuwa wewe, ningemlaza kwenye kitanda chake kidogo kilichosogezwa karibu kabisa na upande wa mama yake, mpaka avuke miezi sita. Karibu kiasi kwamba mkeo akinyoosha mkono amgusa. Wengi wa watoto wanaofariki ghafla usingizini hufariki kabla ya umri huo, na kati ya mwezi wa pili na wa nne ndipo penye wimbi kubwa, yaani mlipo nyinyi sasa. Huyu wenu kazaliwa kwa wakati na kwa uzito mzuri. Angekuwa njiti nisingekupa hata nafasi ya kufikiri.

Ila nawajua watu wenye mtoto mchanga. Alfajiri mkeo atamvuta kunyonya, na wote wawili watalala vilevile walivyo. Kwa hiyo kitandikeni kitanda chenu kila jioni kana kwamba mtoto atalala humo, hata kama hamjapanga. Wale madaktari wa Marekani, pamoja na ukali wao wote, wanakubali kwamba mama anayehisi anaweza kusinzia akinyonyesha ni afadhali awe kitandani kuliko kwenye kochi. Godoro liwe gumu, shuka limevutwa likakaza. Mito na blanketi zito zikae mbali naye. Mkeo ajifunike kiunoni kushuka chini na juu avae nguo ya kumpa joto. Ule mwanya kati ya godoro na ukuta uutazame kwa macho yako mwenyewe, kwa sababu ndipo mtoto anapokwama. Ama kivuteni kitanda katikati ya chumba, ama shusheni godoro sakafuni. Na mtoto alale chali. Mama yako alikuwa na hofu kwamba atacheua na kupaliwa, hofu ya wazazi wengi, lakini mtoto akilala chali njia ya hewa iko juu ya njia ya chakula, na maziwa yanayorudi hayapandi kirahisi kuingia humo. Tangu nchi kadhaa zianze kuwahimiza wazazi walaze watoto chali, Uingereza mwaka 1991 na Marekani mwaka 1994, vifo hivi vimepungua kwa zaidi ya nusu.

Mtazame pia mkeo anavyolala akimnyonyesha. Kina mama wanaonyonyesha hulala ubavu wakimkabili mtoto, mkono mmoja umepita juu ya kichwa chake, magoti yamekunjwa chini ya nyayo zake, na mtoto yuko usawa wa titi, chini kabisa ya mito. Profesa Helen Ball wa Chuo Kikuu cha Durham amewarekodi usiku kwa kamera na kuliona hilo mara kwa mara, hakuna aliyewafundisha. Mwili wa mama unakuwa boma. Sisi kina baba hatulali hivyo. Wewe tangu utoto wako unalala usingizi wa pono, kwa hiyo mchanga asiwekwe katikati yenu. Awe upande wa nje wa mama yake, kwenye kile kitanda kidogo.

Na kaka yake asilale kando yake hata usiku mmoja. Mtoto wa miaka mitatu anarusha mguu na mkono, na hajui kwamba pana mtu pale. Mkubwa awe upande wako.

Sasa nijibu swali lako lenyewe. Kuna familia 205 zilizofuatiliwa huko California tangu katikati ya miaka ya 1970, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2002. Watafiti waliwaangalia watoto hao mpaka wakafika miaka 18, wakitafuta kama waliolala na wazazi wao utotoni walikuja kuharibika kwa namna yoyote: tabia, urafiki, mapenzi, ulevi. Hawakuona madhara. Rafiki yako ana haki ya kuwa na maoni yake, lakini mtoto anayetaka joto la wazazi wake usiku hajadekezwa. Giza linamtisha, na sasa ana mdogo wake aliyekuja kuchukua titi na mapaja ya mama. Ukimtoa kitandani wiki hizi ataelewa kwamba amefukuzwa kwa ajili ya huyo mgeni. Subiri kidogo. Mkiona wakati umefika, mwekeeni kigodoro chake chini, upande wako, umpe mkono akilala. Baadaye kigodoro kitasogea mlangoni, kisha chumba kingine. Akirudi usiku mpokeeni bila kelele.

Linalonihangaisha zaidi kwa mkubwa ni kama nyinyi wenyewe mnalala. Hukuniambia mkeo anasemaje. Muulize, tena mchana, wakati hakuna anayelia. Kama yeye anapenda watoto wote wawe karibu na wewe unalala ukingoni na mgongo unauma, semeni. Kama yeye ndiye amechoka kushikwashikwa usiku kucha na ananyamaza kwa sababu anadhani wewe unapenda, hilo nalo lisemwe. Kitanda ni chenu kabla ya kuwa cha watoto, na mtu na mkewe wana mazungumzo yao yasiyohitaji mashahidi. Kwa hayo tafuteni saa nyingine na mahali pengine, nanyi ni watu wazima. Mkikubaliana wote wanne mlale pamoja mpaka huyu mkubwa aanze shule, na huyu mchanga akishavuka miezi yake aje ajiunge, mimi sina neno.

Mama yako anasema atakuja mwisho wa wiki, akae nanyi kwa muda. Kazi ya alfajiri ataichukua yeye: mtoto akishanyonya atambeba akiwa macho, akizungukazunguka naye sebuleni, nanyi mlale. Mwambie mkwe wangu asiandae chochote. Na umpigie mama yako leo usiku umweleze kitanda kidogo mmekiweka wapi, maana ameshauliza mara mbili.

Baba yako