Maswali ya Wasomaji: Seli za Inzi wa Matunda Zinapobadili Umbo

SWALI: Kitabu changu kinasema seli za kiinitete cha inzi wa matunda hupangana safu moja, kisha zile za upande wa tumbo hujikunja na kuingia ndani. Ni nini kinachozisukuma?

JIBU: Hakuna kinachozisukuma, hujivuta zenyewe. Kwenye nyuzijoto 25, saa tatu hivi baada ya yai kutagwa, kiinitete cha *Drosophila melanogaster* kina seli zipatazo 6,000, ndefu na nyembamba, zimesimama bega kwa bega kama miti ya boma. Upande wa tumbo kuna ukanda wenye upana wa seli kama 18 ambamo jeni mbili, *twist* na *snail*, zimewaka. Kupitia protini za Fog na T48, ishara hufika kwa protini nyingine, Rho1, nayo Rho1 huamsha kimeng'enya kiitwacho Rok, na Rok huamsha mayosini, protini inayovuta. Mayosini ndiyo yenye misuli: hukamata nyuzi za protini nyingine, aktini, na kuzivuta.

Sasa angalia mahali mvuto huo unapotokea, maana hapo ndipo wengi hukosea. Kwa miaka mingi ilielezwa kwamba seli hubanwa na mshipi unaozunguka ukingo wake wa juu, yaani ule unaotazama nje ya kiinitete, kama mdomo wa mfuko unavyokazwa kwa kamba. Mwaka 2009 Adam Martin, Matthias Kaschube na Eric Wieschaus walionyesha kwamba katika seli hizi wavu wa mayosini umetanda katikati ya uso wa juu. Tena hauvuti mfululizo, huvuta kwa vipindi. Ukiikuza seli moja kwenye skrini utaona madoa ya mayosini yakijikusanya katikati na kuungana, kingo zikivutwa ndani kwa pembe kali, kisha madoa yakififia. Ungetegemea seli ijiachie na kutanuka tena, lakini haitanuki: eneo lililopatikana hushikiliwa mpaka mvuto unaofuata, takriban sekunde 80 baadaye. *Snail* ikikosekana, mivuto yenyewe haianzi. *Twist* ikipungua, mivuto ipo lakini seli hurudi ilikokuwa, na kazi haisongi mbele. Kuvuta ni jambo moja na kushikilia ni jingine. Kila moja ina mwenyewe.

SWALI: Uso wa juu ukishabanwa, seli inakuwa ndogo?

JIBU: Hapana. Ujazo wake karibu haubadiliki, na ukilishika hilo mengine yote yatakaa sawa. Fikiria mfuko wa maji uliofungwa vizuri: ukiuminya juu, maji hushuka chini. Seli nayo kwanza hurefuka na kiini chake kusukumwa chini. Halafu sehemu ya chini hutanuka, seli hufupika, na umbo lake huwa la kabari. Kabari nyingi zikikaa pamoja, safu haina budi kupinda. Ili sehemu ya chini itanuke, mayosini iliyokuwa imekusanyika huko lazima iondoke, na katika seli hizi za tumboni huondoka kweli.

Kwa sababu hiyo, tunawasihi wanafunzi wasipime eneo la uso wa juu peke yake. Seli mbili zinaweza kuwa na uso wa juu ulio sawa kabisa, moja ikiwa bado inarefuka na nyingine imeshaanza kufupika. Piga picha za tabaka kwa tabaka hadi chini, upate na urefu.

SWALI: Je, zipo zinazofanya kinyume, yaani kusimama kisha kulala bapa?

JIBU: Zipo. Za amnioserosa, tabaka jembamba la upande wa mgongo, kama 200 tu, huanza zikiwa ndefu kama wenzake na kuishia bapa kama vigae, bila kugawanyika. Mikrotubuli, vijiti vya protini ndani ya seli, zilizokuwa zimesimama wima hulala upande, na seli hulala nazo. Lakini usiuchanganye mwendo huo na kurefuka kwa mwili wa kiinitete: huko kinachofanya kazi kubwa ni seli kubadilishana majirani.

SWALI: Viinitete vyangu hukwama au hupotoka umbo chini ya hadubini. Nakosea wapi?

JIBU: Mara nyingi kosa limeshafanyika kabla ya kufika kwenye hadubini. Acha inzi watage kwa saa moja juu ya agari ya juisi ya tofaa iliyopakwa hamira. Gamba la nje litoe kwa dawa ya klorini ya kufulia iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, dakika moja na nusu hadi mbili. Yale mapembe mawili ya yai yakishatoweka, acha papo hapo, suuza kwa maji mengi. Upande uliobinuka zaidi ndio wa tumbo. Ukitumia gundi iliyoyeyushwa kwa heptani, hakikisha heptani imekwisha kuruka kabla ya kuweka kiinitete, kisha kifunike mara moja kwa mafuta ya halokaboni. Kikikauka kitabonyea.

Kiinitete kina unene wa milimita 0.18 hivi. Nafasi chini ya kioo ikiwa ndogo kuliko hiyo, kitabanwa, na mkunjo utakaouona utakuwa wa kioo, si wa mayosini. Mwanga wa leza nao huua: anza na nguvu ndogo kadiri picha itakavyokubali. Kwa mivuto ya mayosini piga kila sekunde 5 hadi 10. Ukipiga mara moja kwa dakika hutaiona kabisa.

Ukimaliza, kiweke kiinitete penye unyevu, nyuzijoto 25. Kisipoangua buu kufikia siku inayofuata, usihesabu vipimo vyake.

SWALI: Nimekiloweka kiinitete kwenye dawa ya kuzuia Rok, Y-27632, lakini mkunjo umetokea kama kawaida. Dawa ni mbovu?

JIBU: Yawezekana ni nzima. Chini ya gamba ulilotoa kuna utando wa vitelini, nao hauipitishi. Kikaushe kiinitete dakika chache ili kipungukiwe maji kidogo, kifunike kwa mafuta, kisha ingiza dawa kwa sindano ya kioo kati ya utando na seli. Kingine kidunge maji matupu kwa namna ile ile, ukilinganishe nacho.