Mastaa wapo Dom, tamthilia ndo hazipo
Ndugu umeuliza kama huku Dodoma tunawaona mastaa, mbona tunawaona sana hasa Bunge la bajeti likianza Aprili, wasanii nao ni wabunge siku hizi, walianza kina Sugu na Profesa Jay, 2020 akaja MwanaFA wa Muheza, uko soko la Majengo unachagua nyanya mtu uliyemuona jana kwenye tivii huyo anapita. Kinachoniuma ni tamthilia aisee, nyingi zinachezwa Dar tu, bahari na magorofa, wakati huku kuna mashamba ya zabibu, mibuyu, yale majabali yetu, na Hukwe Zawose alikuwa Mgogo wa hukuhuku akalipigia zeze lake mpaka Ulaya!! Watuletee kamera jamani, tusikie na Kigogo