Dawa ya ganzi au nusukaputi?

SWALI: Ninatafsiri kijarida cha wagonjwa wanaosubiri upasuaji mkubwa. Niliandika: "Dawa ya ganzi yaweza kuvuruga mapigo ya moyo." Mhariri amefuta "ganzi" akaweka "nusukaputi". Si kitu kimoja?

JIBU: Si kimoja, na mhariri wako kafanya vyema. Ganzi ni kiungo kupotewa na hisia. Umekalia mguu, ukiinuka unaukuta umekufa ganzi, nawe u macho kabisa. Nusukaputi ni kupotewa na fahamu. Neno lenyewe linasema: nusu, kisha kaputi, tuliyoitoa kwenye kaputt ya Kijerumani, yaani kilichoharibika, kwetu ikawa kufa. Najua linatisha, ndiyo maana wengi husema "dawa ya usingizi". Katika mazungumzo sina neno. Katika kijarida siliafiki, kwa sababu kidonge anachomeza mtu aliyekosa usingizi usiku nacho huitwa hivyo hivyo.

Kwenye habari za moyo, kuchanganya maneno haya kunapotosha. Chukua lidokaini. Ni dawa ya ganzi: huziba vijia vya sodiamu kwenye neva, yaani vitundu vidogo ambamo chembe za sodiamu hupita kubeba ishara, maumivu yakashindwa kupita. Lakini ikipitishwa kwenye mshipa wa damu, kwa kuziba vijia vya namna hiyo hiyo ndani ya moyo, hutuliza mapigo yaliyovurugika yanayoanzia vyumba vya chini. (Ikizidi kipimo, yenyewe ndiyo huyavuruga.) Halotheni, nusukaputi ya kuvuta kwa pumzi, huufanya moyo uwe mwepesi kuchokozwa na adrenalini (homoni ya mwili inayouhimiza moyo), mapigo yakaanza kuruka. Sasa msomaji aliyeambiwa "ganzi" ataelewa ipi?

Nami nina neno juu ya "kuvuruga" kwako. Ketamini, nusukaputi ya sindano, kwa kawaida huupeleka moyo mbio. Propofoli, nayo nusukaputi ya sindano, yaweza kuupunguza mwendo. Hapo pigo bado lafuata pigo kwa nafasi sawa, hakuna kilichovurugika. Mapigo yaliyovurugika ni yale ambayo ukishika kifundo cha mkono unahesabu mawili ya haraka, kimya, moja, kisha matatu yanayokimbizana. Na tafadhali usiseme "mshtuko wa moyo", huo ni ugonjwa mwingine kabisa.

Ningeandika hivi: "Baadhi ya dawa za nusukaputi zaweza kuyafanya mapigo ya moyo yaende mbio, yapungue kasi, au yapoteze mpangilio."