Krrr ya Alfajiri: Nilivyobadilisha Cheni ya Taiming na Gia ya VVT Nyumbani

Kama una IST, Probox au gari lolote lenye injini ya 1NZ-FE, na kila alfajiri ukiwasha unasikia "krrr" kama misumari inayotikiswa ndani ya kopo, kisha baada ya sekunde mbili tatu kimya, usifanye kama nilivyofanya mimi. Mimi nilibadilisha plagi, sauti ikabaki, nikaizoea. Baada ya miezi kadhaa ikawa haiondoki hata injini ikishapata moto, na taa ya injini ikawaka. Mashine ya kusoma hitilafu ikatoa kodi (namba ya hitilafu) P0016, yaani krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) na kamshafti (mhimili unaofungua valvu) haviendi pamoja inavyotakiwa.

Ile krrr ya kwanza mara nyingi hutoka kwenye gia ya VVT, ile inayobadilisha wakati wa valvu kufunguka, iliyo mbele ya kamshafti ya kuingiza hewa. Gia hii inaendeshwa na presha ya oili. Ukizima gari presha inaondoka, na kipini kidogo ndani yake kinatakiwa kuifunga isicheze mpaka presha irudi. Kipini au tundu lake likilika, gia inagongagonga kila unapowasha. Cheni ya taiming, inayounganisha krenki na kamshafti, nayo ikivutika, tenshena (kifaa kinachoikaza) inajitokeza hadi mwisho wake, na hapo ndipo kelele inapokuwa ya kudumu.

Ila kabla ya kununua chochote, anza na vitu vya bei ndogo. Pima oili kwa kijiti. Kisha fungua valvu ya oili ya VVT pamoja na kichujio chake kidogo cha wavu, maana uchafu ukiziba hapo gia haipati oili ya kutosha hata ikiwa mpya. Kwangu wavu ulikuwa na utando mweusi. Niliusafisha, nikafuta kodi, lakini baada ya siku tatu P0016 ikarudi. Hapo nikajua kazi haikwepeki.

Spea nilizifuata Gerezani, Dar es Salaam. Muuzaji mmoja alinishauri nichukue cheni mpya, ila tenshena na miongozo (reli ambazo cheni hupita juu yake) niweke ya mtumba "bado nzima". Nakuomba usikubali. Nunua cheni, tenshena, miongozo yote miwili, gia ya VVT, sili ya mbele ya krenki na gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini) kwa pamoja, kwa sababu kazi ya kufungua ni ileile na hutapenda kuirudia. Nilipotundika cheni ya zamani na mpya kwenye msumari mmoja ukutani, ya zamani ilining'inia chini zaidi, na tofauti ilionekana kwa macho tu.

Kazi ilinichukua Jumamosi na Jumapili nzima, nikisaidiwa na mdogo wangu. Usianze ikiwa gari unalihitaji Jumatatu asubuhi. Toa betri, mwaga oili na maji ya rejeta, toa fani belti na pampu ya maji. Kava ya mbele inayofunika cheni haitoki bila kufungua maunting (kishikio cha injini) ya upande wa kulia, kwa hiyo injini lazima ibebwe kwa jeki yenye kipande cha mbao juu yake, ukiiegemeza chini ya sampu (bakuli la oili) taratibu. Na gari lenyewe likae kwenye stendi, si kwenye jeki peke yake.

Bolti ya puli ya krenki ndiyo itakayokutoa jasho. Kuna mafundi wanaoegemeza spana chini kisha wanapiga stata ili bolti iachie. Spana ile ikiteleza inavunja mkono. Nilimwomba mchomeleaji wa mtaani anitengenezee chuma cha kushikia puli, na kwa bomba refu kwenye mpini wa spana bolti ikaachia bila vurugu.

Kabla ya kugusa cheni, zungusha krenki mpaka alama ya puli ikae kwenye 0 na alama za gia zote mbili za juu zikae mahali pake. Piga picha nyingi. Ukishatoa cheni, usizungushe krenki wala kamshafti ovyo, kwani valvu zinaweza kukutana na pistoni. Unapofungua gia ya VVT, shika kamshafti kwa spana pale penye pembe sita, ufungue bolti ya katikati peke yake. Zile bolti ndogo zinazoizunguka usiziguse, hizo zinashikilia gia yenyewe. Gia mpya ikae sawa kwenye kipini cha kamshafti, kisha kaza kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza): 64 Nm kwa bolti ya gia, na baadaye 128 Nm kwa puli. Kama huna toki renchi, azima. Kukaza kwa makadirio ya mkono hapa hakufai.

Cheni mpya ina vipande vyenye rangi vinavyolingana na alama za gia. Mimi nililinganisha zote tatu, nikachomoa kipini kinachoizuia tenshena, nikafurahi. Halafu nikazungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili, na alama ya gia ya VVT ikarudi ikiwa imepishana jino moja. Cheni ilikuwa imelegea upande usio na tenshena na mimi sikuiona. Ningepiga stata wakati ule, sijui leo ningekuwa naandika nini. Tulirudia kwa saa nzima, mdogo wangu akiishika cheni isilegee.

Jambo moja linalowatisha wengi: baada ya kuzungusha, vile vipande vya rangi havirudi mahali pake, na ni kawaida. Unachoangalia ni alama za gia zenyewe na ile 0 ya puli.

Kwa kuwa tapeti kava iko wazi, pima na nafasi za valvu injini ikiwa baridi: za kuingiza 0.15 hadi 0.25 mm, za kutoa moshi 0.25 hadi 0.35 mm. Kisha safisha kabisa nyuso za kava, maana pampu ya oili imo humohumo ndani ya kava, na kipande cha silikoni ya zamani kikiingia kwenye njia ya oili utaharibu kila ulichofanya. Paka silikoni mpya uzi mwembamba, funga upesi kabla haijakauka, na usimimine oili mpaka saa mbili zipite.

Mwisho tulichomoa soketi za koili na za injekta, tukapiga stata kidogo kidogo ili oili ipande kwanza. Tulipowasha, ilipiga kelele kama sekunde tatu tenshena ikijaa, kisha ikatulia.

Sasa natumia 5W-30, lita 3.7 pamoja na filta mpya, na namwaga kila kilomita 5,000 kwa sababu ya foleni. Zamani nilikuwa naweka 20W-50 nikidhani nzito ndiyo inalinda, kumbe asubuhi ilichelewa kufika kwenye ile gia.

Jumatatu niliwasha saa kumi na moja alfajiri, madirisha yakiwa wazi. Mdogo wangu alitoka nje na mswaki mdomoni, akasikiliza, akarudi ndani kulala.